Dakika Ishirini za Muhogo

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto wa Sumbawanga kwamba Ziwa Tanganyika ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, na kwa kina ni la pili. Naichora ramani yake ubaoni bila kutazama kitabu. Lakini mpaka mwaka juzi sikuwa nimewahi kulala kando yake siku mbili mfululizo. Kwetu ziwa lilikuwa mahali pa misiba. Mama alizaliwa kule chini, kwenye kijiji kidogo cha pwani ya ziwa upande wa Nkasi, na kila alipofariki mtu wa kwao tulipanda gari, tukashuka, tukazika, tukageuza. Baba hakupenda joto. Kila mwaka baada ya mavuno alimwahidi mama kwamba mwaka ujao watakwenda wakae hata wiki moja, na kila mwaka mahindi yalichelewa kukauka, au paa lilivuja, au mtoto wa mtu alikuwa anapata kipaimara. Miaka arobaini na mitano ikaisha hivyo.

Baba alipofariki tulimzika Kate, kijijini kwao. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, nikabaki na mama kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Kizwite, Sumbawanga. Sina mume, niliwahi kuwa naye, na habari zake hazina nafasi hapa. Tulikuwa wawili kwenye nyumba ya vyumba vitano. Nikirudi kutoka shuleni namkuta mama amekaa kwenye kigoda uani, mgongo ukutani, anatazama upande jua linakozama. Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia palipokwisha kufagiwa. Nilihamisha magunia ya mahindi kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na wiki iliyofuata nikayarudisha. Tangu utotoni mama ananiita kiguu na njia, na baba alikuwa akicheka akilisikia jina hilo, lakini baada ya msiba ule hata mimi nilianza kujichoka.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, mama akasema, "Nipeleke nikalione ziwa."

Nilimpigia simu kaka yangu, ambaye anaishi Mbeya na ndiye mkubwa wetu. Akapandisha sauti papo hapo.

"Huyo ukimshusha hapandi tena. We humjui mama? Ana presha, joto la kule ataliweza? Na kaburi la baba tutamwachia nani?"

Nikamwahidi. Nikasema kwa sauti ninayoitumia darasani kwamba Ijumaa tunashuka, Jumapili jioni mama yuko Kizwite anakunywa uji wa ulezi. Kaka akatulia. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Sikuwa nawaza presha wala kaburi. Nilikuwa nawaza vile vyumba vitano.

Basi nikapanga. Niliwaza kwamba mtu akikosa kitu miaka mingi, ukimpa chote kwa mara moja atashiba na atataka mwenyewe kurudi nyumbani. Nikachukua daftari, nikapiga mistari kwa rula kama ninavyoandaa andalio la somo: muda, mahali, shughuli. Ijumaa jioni, kutembea ufukweni na kuona machweo. Usiku, kutazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Jumamosi asubuhi, kanisa la zamani la mawe juu ya kilima, kisha mafundi wa mitumbwi, kisha kuoga ziwani, nusu saa, kisha kula migebuka, samaki wa ziwa lile, ya kuchoma, kisha kisiwa. Jumapili misa, kuaga, na saa nane mchana gari lirudi kutuchukua. Kurasa nne. Kila kitu kilikuwa na saa yake, hata kupumzika.

Gari lilikuwa Probox ya jirani yetu, anayeikodisha yeye mwenyewe akiwa dereva. Siku ya kuondoka baridi ya Sumbawanga ilikuwa ile ya kung'ata masikio. Niliweka sweta la mama kwenye begi. Akalitoa. Nikaliweka tena, akalitoa tena, mara ya tatu nikalishindilia chini ya blanketi na kufunga zipu. Dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Tulipitia Kate. Kaburini mama alichuchumaa kama wanawake wa Ufipa wanavyochuchumaa kumsalimia mtu wa heshima, akapiga makofi taratibu, viganja vikikutana bila sauti kubwa, akaanza kusema na baba kwa Kifipa. Nilisimama nyuma yake na kutazama saa. Dakika kumi nilizomtengea marehemu zilikwisha, zikaja nyingine kumi. Aliponyanyuka nikamshika mkono.

"Umemwambia nini muda wote huo?"

"Nimemuaga," akasema.

Sikuona ajabu. Mtu akipita kwa mwenzake njiani si lazima aage? Nikamfungulia mlango wa gari akaingia.

Barabara inakata uwanda kwanza, mashamba ya mahindi yaliyovunwa pande zote, na mahali fulani tukasubiri ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani wavuke, ng'ombe wengi hawaishi, mimi nikihesabu dakika badala ya mikia. Halafu ardhi inaanza kushuka. Masikio yanaziba na kuzibuka. Mama alikuwa amekaa mbele, na kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyozidi kujifungua: kwanza akavua kilemba cha sufu, kisha kanga ya juu, kisha akashusha kioo na kutoa mkono nje. Dereva akamwambia, "Mama, vumbi." Mama akamjibu kwamba vumbi la kwao halimdhuru. Ziwa lilipojitokeza kati ya vilima viwili hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema, nikamtajia dereva urefu wake na kina chake.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, alitupokea mlangoni kwake. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mjane wa mvuvi, nyumba yake iko hatua mia hivi kutoka kwenye maji. Walishikana na dada yake wakakaa hivyo bila kuachiana, wakicheka na kulia kwa zamu. Nilipoona saa kumi na moja imepita nikakohoa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu ukae."

"Tutakaa, lakini machweo yako karibu, na usiku tunataka tuone taa za wavuvi."

Akanitazama, kisha akamtazama mama. "Taa zipi?"

"Za dagaa."

"Ziwa si limefungwa mwanangu? Samaki wanazaliana. Serikali imefunga mpaka mwezi wa nane. Hata redioni wanasema kila siku."

Nilitoka nje nikatazama. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, mingine imepinduliwa kifudifudi, watoto wanaitelezea. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu, na juu ya kimoja mbuzi alikuwa amelala akicheua. Mwalimu wa jiografia mzima, nimetayarisha kurasa nne, sikuuliza kama ziwa lenyewe liko kazini. Nilikata mstari wa taa, nikakata na migebuka ya kuchoma, na sasa palikuwa na nafasi tupu kwenye daftari, na sikujua mama angeijaza na nini.

Aliijaza mwenyewe. Nyuma ya nyumba mama mdogo ana shamba la muhogo. Nilipogeuka nikawakuta wote wawili wameshang'oa mashina kadhaa, wamekaa chini na visu, wanamenya. Mama, ambaye Kizwite alikuwa hanyanyui hata sufuria bila kushika kiuno, alikuwa anamenya muhogo mrefu kama mkono wake na ganda linatoka zima. Walipomaliza wakabeba mabeseni mpaka ufukweni. Kuna mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu na kufukiwa mchangani karibu na maji, kila nyumba na pipa lake. Wakaupanga muhogo ndani, nikasaidia kuchota maji ya ziwa kwa ndoo, na mama akafunika kwa majani na kuweka mawe matatu juu. Jiwe la tatu alilichagua. Alitembea, akaokota moja, akalitupa, akaokota lingine.

Nilifurahi. Hii haikuwa kwenye mpango, lakini ilikuwa shughuli, tena ya kienyeji. Tuliporudi nilifungua daftari nikaandika kwenye ile nafasi tupu: kuloweka muhogo, dakika ishirini.

Sisi wa juu ni watu wa mahindi na ulezi. Unapeleka debe mashineni, unasubiri foleni, unarudi na unga wa moto begani, jioni unasonga ugali. Sikuwahi kujiuliza muhogo unakuwaje unga. Sikuuliza siku ile pia.

Jumamosi niliwaamsha saa kumi na mbili. Tulipanda kilima cha kanisa la mawe. Paa halipo siku nyingi, na kuta ndizo zimebaki, na madirisha yanayotazama ziwa. Ni mahali pazuri, kila atakayefika pwani ile namshauri apande. Nilimweleza mama habari za wamisionari kama ninavyozijua vitabuni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba pale kwenye kona ndipo bibi yake alipokuwa akiwatuma kukusanya kuni, na kwamba siku moja yeye mwenyewe alimkuta nyoka akakimbia mpaka chini bila kuachia kuni hata moja. Akacheka peke yake. Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini ilikuwa saa mbili na robo.

Mafundi wa mitumbwi walikuwa na kazi tele, maana ziwa likifungwa ndipo vyombo vinapata matibabu. Fundi mmoja mzee, shati halina vifungo, alikuwa anakalafati, anashindilia pamba iliyolowa mawese kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo ndogo, ufa baada ya ufa. Akamtambua mama. Walisoma pamoja darasa la tatu. Akamwambia, "Kumbe ungali hai!" Mama akamjibu, "We ndiye uliyekuwa unapiga kelele sana, nilijua utakufa kwanza." Wakacheka mpaka fundi akaweka nyundo chini. Nilimwuliza mtumbwi mmoja unachukua siku ngapi kuukalafati. Akasema unachukua mpaka usivuje.

Nilikuwa nimetenga robo saa. Tukakaa pale mpaka saa tano. Nilizunguka ule mtumbwi mara sita au saba, nikasoma jina lililopakwa rangi ubavuni, nikahesabu mbao. Mama mdogo akanivuta kando.

"Mwanangu, unaumwa tumbo?"

"Hapana."

"Basi kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

Nikakaa juu ya gogo. Nadhani nilikaa dakika nne.

Kisha ikaja zamu ya kuoga ziwani. Niseme ukweli, kwangu kuoga ziwani maana yake ilikuwa kusimama maji yakinifika magotini, kunawa uso, na kupigwa picha. Naogopa maji. Sumbawanga kuna wapi pa kujifunzia kuogelea? Nilichagua mahali penye mchanga, nikamwuliza mama mdogo mara mbili kama kuna mamba, akasema wa upande huu wana adabu, jibu ambalo halikunisaidia. Mama alijifunga kanga moja kifuani, ya pili akanipa niishike. Akaingia. Maji magotini, maji kiunoni. Nikamwita, "Inatosha mama!" Maji mabegani. Halafu akazama.

Nilipiga kelele ambayo mafundi kule waliisikia. Niliingia majini na viatu. Nilikuwa naita "Mama! Mama!" kama mtoto wa chekechea, na mama mdogo alikuwa ameketi mchangani anafikicha miguu, hata hageuki. Kisha kichwa cha mama kikatokea mbali, mbali kuliko nilivyokuwa natazama, na mikono yake ikawa inatoka majini na kurudi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote. Alikuwa anaogelea. Alikwenda mpaka kwenye jiwe moja lililochomoza, akaligusa, akageuka chali, akaelea. Mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye nilimshika mkono kumpandisha kwenye Probox.

Nilisimama na viatu vyangu vimejaa maji. Nilijisikia mpumbavu, na nilijisikia nimeibiwa. Nimeishi naye miaka arobaini na miwili. Najua anaweka chumvi kiasi gani, najua goti gani linamuuma mvua ikikaribia, na jambo hili sikulijua. Misibani hakuna anayeogelea, na sisi tulikuja kwa misiba tu.

Aliporudi, kanga imemng'ang'ania mwilini, anapumua kwa nguvu na kucheka, nilimfokea.

"Kwa nini hukutuambia kwamba unajua kuogelea?"

"Ningewaonyesha wapi?" akasema. "Kwenye ndoo?"

Kisiwani hatukwenda. Nilikata mstari huo mwenyewe. Jioni yote mama alikaa mchangani na mama mdogo, wakaenda mara moja kwenye pipa lao, wakafunua majani, wakanusa, wakafunika. Mimi nilifungasha mabegi. Yalikuwa mabegi mawili, na niliyafungasha, nikayafungua, nikayafungasha upya. Kaka alipiga simu nikamwambia mambo yako sawa, kesho tunapanda. Nilisema hivyo kwa haraka, nikakata simu, nikayafungua mabegi tena.

Jumapili tulisali. Mama aliimba sauti ya pili, akashangiliwa na wanakwaya wazee waliomkumbuka. Saa saba na nusu mchana nilibeba mabegi mpaka barabarani, nikarudi kumwita. Hakuwa ndani. Nikamkuta ufukweni, amechuchumaa mbele ya pipa, mama mdogo kasimama pembeni. Alikuwa ametoa mawe matatu na majani, amezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anabonyeza muhogo mmoja mmoja kwa kidole.

"Bado," akasema.

"Mama, gari linafika saa nane."

"Najua. Umelisema tangu Kizwite."

"Basi mama mdogo atautoa ukiwa tayari."

"Ni wangu. Nimeuloweka mimi. Utalainika keshokutwa, tuuanike kwenye vichanja, vimekaa bure. Kisha kutwanga. Jumamosi nadhani tutakula."

Nilimtazama. Nilikuwa nimeelewa na nilikuwa sitaki kuelewa. Mama mdogo akanishika bega, akanisemea polepole, jinsi ninavyowasemea mimi watoto wagumu wa darasa la tano.

"Mwanangu, mtu anayeondoka Jumapili haloweki muhogo Ijumaa."

Nilikasirika. Nisijitie upole nisiokuwa nao, nilikasirika mpaka macho yakaniuma. Nikasema wamenificha. Mama akasema hakuna kilichofichwa, nilichota maji kwa mikono yangu. Nikasema nimemwahidi kaka.

"Ulimwahidi yeye," mama akasema. "Mimi uliniuliza?"

Nilikuwa na lile daftari mkononi. Nilifungua kurasa zake kama mtu anayetafuta risiti. Saa ya kuamka ilikuwepo. Saa ya kaburi ilikuwepo, ya kilima, ya kupumzika, ya kuaga. Mahali pa kumwuliza mama kama anataka kurudi hapakuwepo, na sikuweza kujidanganya kwamba nilisahau. Nilikuwa najua jibu.

Ndipo nikasema lile nililopaswa kulisema tangu mwanzo. "Na mimi je? Mimi nitakaa na nani?"

Hapo mama alinyanyuka. Mkono wake ulikuwa unadondosha maji yenye harufu ya uchachu. Akaufuta kwenye kanga, akanishika shavu.

"Shule zimefungwa mpaka mwezi ujao," akasema. "Mwambie dereva aende. Kaa hapa na sisi. Utalala, utaamka, utangoja muhogo. Huna kazi nyingine."

Barabarani Probox ilipiga honi. Nilitazama ziwa, nikatazama mitumbwi iliyopinduliwa, nikatazama lile pipa. Siku sita. Nilijaribu kujiona nimekaa pale siku sita, sina saa ya kufuata, sina chumba cha kufagia, baba amekufa na mimi nimekaa tu.

"Siwezi," nikasema.

"Najua," akasema mama. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Akafungua fundo la kanga yake. Katika fundo hilo mama amefunga funguo tangu nipate akili, na hatukuruhusiwa kuligusa. Akanipa zote. Akanionyesha huu wa mlango mkubwa, huu wenye uzi mwekundu wa stoo, huu wa sanduku la vyombo vya wageni. Akaniambia panya wameanza tena kule stoo, nitafute paka. Kisha tukatembea mpaka barabarani, akachomoa lile sweta kwenye begi lake na kuniwekea mikononi, na mama mdogo akaleta kiroba cha muhogo mbichi, akakipakia nyuma ya gari.

"Kauloweke," mama akasema. "Huko juu kuna baridi, utachukua siku nyingi kuliko huku. Usiufunuefunue. Ukilainika nipigie nikwambie kinachofuata."

Nililia kuanzia vilimani mpaka uwandani. Dereva, Mungu ambariki, aliongeza sauti ya redio na hakuniuliza. Baridi ilipoanza nilivaa sweta la mama. Kaka alipiga simu tukiwa tunaingia mjini.

"Umempandisha?"

"Hajapanda."

Alisema aliyoyasema. Nilimwacha amalize, hata mimi nilikuwa nimeyasema yote ufukweni. Alipochoka nikamwambia, "Mama anajua kuogelea."

"Mama yupi?" akauliza.

"Mama yetu. Anakwenda mpaka kwenye jiwe, anarudi."

"Tangu lini?"

"Kabla ya sisi kuzaliwa."

Nikamsikia anavuta pumzi. Aliuliza tena, kwa sauti niliyomsikia nayo mara ya mwisho tulipokuwa wadogo, kama ni kweli, kama niliona kwa macho yangu. Nikamwambia nililowa viatu. Hakutaja kaburi tena siku ile.

Nililoweka muhogo wangu kwenye ndoo kubwa jikoni Kizwite, nikafunika kwa mfuko kwa sababu majani sikuwa nayo, nikaweka mawe matatu. La tatu nililichagua. Siku ya pili nilifunua nikabonyeza, mgumu. Siku ya tatu mgumu. Siku ya nne jirani aliuliza kwa adabu kama kuna panya amekufia kwangu. Nilikaa kwenye kigoda cha mama, mgongo ukutani, nikanyanyuka, nikakaa tena. Sikufagia siku hiyo. Ya tano, ya sita, nikajilazimisha nisiufunue kabisa, na hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuhamisha magunia.

Siku ya nane kidole kiliingia. Kiliingia bila nguvu mpaka kwenye ule uzi wa katikati. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu jikoni, nikautoa muhogo mmoja mzima kwenye ndoo, nikaushika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikapiga simu kumwuliza mama nifanye nini sasa.

Akapokea mama mdogo.

"Ameiacha simu mchangani hapa," akasema. "Subiri kidogo mwanangu. Mama yako yuko majini."

"Amekwenda mbali?"

"Amelipita jiwe."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikasubiri.